Vimelea Ndani ya Ng'ombe Mzima

Maksai wa Mzee Gidamis alilima kijijini Nangara, Babati, msimu baada ya msimu huku akiwa na vimelea vya ndigana kali ndani ya damu. Hakuwahi kupata homa. Ndigana kali huenezwa na kupe, na ng'ombe wa maziwa wa kisasa akiipata asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kwamba jambo kama hilo linawezekana. Afisa Mifugo wa Wilaya alinionyesha maabara: meza, hadubini, stuli moja. Nikamwuliza mwenzangu atakaa wapi.

"Mwenzako huyu hapa," alisema akiigusa hadubini. "Ukitaka stori, binti, nenda mnadani."

Hakuletwa mwingine. Kazi ilikuwa kupaka tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi, kisha kutafuta vimelea ndani ya chembe nyekundu. Nilihamishiwa Hanang, nikarudishwa Babati. Vyumba vilibadilika, stuli ilibaki moja. Watu walileta damu, wakachukua majibu, wakaondoka. Nilizoea kula mchana nikitazama dirishani.

Mkuu wangu wa pili alikuwa Daktari wa Mifugo. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ndama wa kienyeji akiugua ndigana akapona, mwili wake haufukuzi vimelea vyote. Hubaki vichache, na hivyo vichache huifanya kinga isilale. "Wa kisasa anaweza kupigana navyo mpaka mapafu yake mwenyewe yajae maji," alisema. "Huyu wa kienyeji anajua pa kuishia."

Ng'ombe wa Mama Neema alikufa namna hiyo, povu likimtoka puani. Mama Neema alikuja Babati kwa biashara, na maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa biashara yenyewe. Alimtuhumu maksai wa jirani yake, Mzee Gidamis, akataka aondolewe kabla hajanunua ng'ombe mwingine. Mvua zilikuwa zinakaribia, na bila maksai yule mzee hakuwa na jozi ya kuvuta plau.

Nilipima damu ya maksai. Nilitafuta sana ndipo nikaviona vimelea, vichache mno. Tukaenda na Daktari kutoa majibu uani kwa mzee, Mama Neema akiwepo.

"Ana vimelea," nilisema, "lakini haumwi."

"Hiyo ni lugha gani?" Mama Neema aliuliza.

"Ametoka shambani sasa hivi," alisema Mzee Gidamis. "Mgonjwa gani anavuta plau? Mimi nikiumwa mgongo tu, nalala mpaka mke wangu aanze kuulizia jeneza. Huyu mzima, mama daktari."

"Mzima kwa sababu ugonjwa wake kauleta kwangu, mzee."

Mzee alipitisha mkono shingoni mwa maksai, pale nira ilipomchubua.

Wote walinitazama mimi, nami nikatafuta neno la kumwita. Kwetu mtu ni mzima au ni mgonjwa, na ng'ombe vilevile. Yule alikuwa katikati, mahali ambapo sikujua panaitwaje. Daktari akanisaidia. "Tuseme ni mgonjwa," alisema, "ili tuelewane."

Tulielewana kupita kiasi. Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyekubali ng'ombe wake wanywe maji pamoja na maksai yule. Kabla ya mvua, Mzee Gidamis alimswaga kuelekea Hanang kumuuza, na shamba lake Nangara likaota majani.

Sasa nimestaafu, naishi peke yangu Bagara, hapa Babati. Siku hizi ni wachache wanaoniita mama daktari. Mama Neema ni mmoja wao; huniletea maziwa ya ng'ombe wake mpya, anayeogeshwa dawa ya kupe kila wiki, kisha anawahi wateja. Kwenu mnaoanza kazi hii nasema: majibu yenu yatafika mahali ambapo ninyi hamtafika, kwa hiyo chagueni neno taratibu.

Kupe aliyemuua ng'ombe wa Mama Neema angeweza kuchukua vimelea kwa ng'ombe yeyote aliyepona ndigana utotoni, na Nangara walikuwepo wengi, wakilishwa pamoja. Wakati ule nilimwomba Daktari tuwapime na hao pia.

"Tumeitwa kwa huyu mmoja," alisema.

Damu ya wale wengine haikupimwa.