Goti la Mama Mkubwa

Mama mkubwa alikuwa karani wa masjala, na kwa miaka ishirini na sita hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Ofisini alikuwa mtu wa maneno machache na sura ya kazi. Kila Jumamosi saa tisa alasiri alibeba viatu vyake vya kisigino, akapanda ngazi za ukumbi uliokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa mtu mwingine. Alicheza dansi ya ukumbini: foksitroti, tango, na walsi, ile ya hatua tatu inayozunguka mpaka mtazamaji anashikwa na kizunguzungu. Mwenzake alikuwa kinyozi mmoja aliyefiwa na mke, mtanashati, ambaye wenzake walimwita Rula kwa jinsi alivyonyoosha mgongo. Walikuwa wamecheza pamoja miaka kumi na moja. Kama unafikiria mambo mengine, pole. Mama yangu naye aliwahi kuyafikiria, akachoka mwenyewe.

Goti lake la kulia lilipovimba, mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Mtaalamu wa viungo, ambaye kila mtu alimwita daktari tu, alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono laini na maneno makavu. Alimpa barafu iliyofungwa kwenye taulo, robo saa, mara tatu kwa siku. Alimfunga bandeji ya kubana na kumwamuru alale mguu ukiwa juu ya mito miwili. Wiki ya tatu wakaanza mazoezi: kukaza paja kwa hesabu ya kumi, kupanda na kushuka ngazi moja, kusimama kwa mguu mmoja huku akipiga mswaki. Mama mkubwa aliyafanya kama kazi ya masjala. Alipiga mistari kwenye karatasi, akaweka alama kila zoezi, na ole wako umsemeshe akiwa anahesabu. Wiki ya saba alishuka ngazi zote za nyumbani bila kushika popote.

Akarudi ukumbini. Jumamosi tatu tu, goti likavimba upya.

"Mama, safari hii nasema wazi," daktari alimwambia. "Gegedu la ndani, ule mto wa kati ya mifupa, linalika. Likiendelea hivi, dansi utaisikia redioni. Kuna kitu unafanya hunielezi."

"Nimekueleza yote."

Alikuwa anadanganya. Jioni ile nilipokuwa namfunga bandeji alinitolea ukweli kwa shida. Rula alikuwa na nyonga mbovu. Kwa karibu miaka miwili, kila walipozunguka kushoto, nyonga ile ilimlegea akashuka kidogo, kama mtu aliyekosea kipimo cha ngazi. Mama mkubwa alijinyoosha, akaupokea uzito wake kwa goti la kulia, wakaendelea. Kuanzia wachezaji wenzao hadi mwalimu wa dansi, hakuna aliyeona kitu.

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Sijamwambia."

"Mwambie basi!"

"Halafu? Mwalimu akisikia atamkalisha."

Ukumbi ule ulikuwa na adabu zake. Mwanamume anaongoza, mwanamke hamsahihishi, na kosa likitokea mwanamke ndiye anayeomba radhi. Na mwanamume akiharibika hapumzishwi, anaondolewa. Kuna mmoja aliyeumwa mgongo akapewa kazi ya kubadilisha muziki. Alikuja mara tatu, hakuonekana tena.

"Rula nyumbani ana nini?" mama mkubwa alisema. "Kuta nne na birika."

"Kwa hiyo utoe goti lako kwa ajili ya birika?"

"Goti ni langu."

Nilikasirika, nikaibana bandeji kupita kiasi, akanipiga kofi mkononi. Tulinuniana siku mbili.

Wiki iliyofuata Rula alisisitiza kutusindikiza kliniki. Alimbebea mama mkubwa mkoba, akaketi kwenye kiti kando ya mlango, mgongo wima. Daktari akasogeza meza ukutani.

"Haya, nionyeshe mnavyozunguka. Mimi nitakuwa mwanamume."

"Kwani siku nyingine unakuwa nani?" mama mkubwa alimtania.

Walishikana. Daktari hakujua dansi, lakini kuhesabu hadi tatu alijua. Moja, mbili, tatu, wakageukia kushoto. Hapo mama mkubwa akajinyoosha, bega likapanda, na visigino vya daktari vikaachana na sakafu.

"Mama, mbona unanibeba?"

"Samahani. Mazoea."

"Mazoea ya kumbeba nani?"

Mimi nilitazama dari. Wakarudia, na mara ya pili akamnyanyua tena. Nina hakika alijitahidi asifanye hivyo. Mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza.

Rula alisimama polepole, akishika ukuta.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Bibie, usinifanye mtoto."

Mama mkubwa alivuta pumzi. "Mwaka wa pili unaisha."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mabega yameshuka.

"Nyonga hii ilikuwa ikiniuma kila mahali," alisema. "Dukani, kitandani, nikivuka barabara. Ila nikicheza na wewe hainiumi. Nikadhani dansi ndiyo inayonitibu."

Daktari alikuwa wa kwanza kuzinduka. Alichukua kadi mpya mezani, akapigapiga godoro la kitanda.

"Kaa hapa, mzee. Vua viatu tuone hiyo nyonga."

Rula alikaa. Akainama, mkono ukafika katikati ya muundi, ukagoma. Akajaribu kwa upande, ukagoma tena. Nilimwona mama mkubwa, aliyekuwa ameketi kando yangu, ameshika mikono ya kiti, tayari anainuka. Kisha akajirudisha, akakaa, vidole vikiwa vimebana mbao.

Rula aliendelea kuvitazama viatu vyake.

"Daktari," akasema mwishowe, "naomba unisaidie. Sifiki."

Mama mkubwa alifunika uso kwa viganja akalia, naye Rula akamwacha alie huku daktari akipiga goti kufungua kamba za viatu.