Nilimpa Ruhusa Zote

Wenzangu wa ofisi ya Geita husema mimi sina kinyongo. Wananisingizia. Ninacho, na nilikilea vizuri mpaka kikakomaa.

Tulikuwa mafundi wa mtandao, tukiwahudumia wakandarasi wa migodini. Swichi na ruta zote, yaani vile vifaa vinavyogawa mtandao, za Geita na za kambi ya Bugarama, tuliziingia kwa jina moja na paswedi moja. Ilibandikwa kwa selotepu kwenye kabati la mitambo, na mwajiriwa mpya alionyeshwa hapo kabla hajaonyeshwa choo. Tuliiita ya ukoo. Mtandao ukikatika, hakuna aliyefanya, na lawama zilimwangukia mwenye cheo kidogo.

Siku moja mkuu wa kitengo chetu, mtu mwenye mkono usiotulia, alitaka kuwaonyesha wageni ufundi wake. Akaingia kwenye swichi akazima laini isiyo yake. Bugarama ikakatika, mizani ikagoma, malori yakapanga foleni hadi barabarani. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona kwa macho yangu. Kwenye kikao akasema bila hata kukohoa, "Ni huyu binti. Nimemkanya mara ngapi?"

Nikakana. Mteja wetu, mama wa makamo aliyesimamia kambi, akataka uthibitisho. Kifaa kilionyesha lile jina letu la pamoja tu. Likapita neno la mkubwa, nami nikahamishiwa Shinyanga mjini kutengeneza printa.

Huku kwetu, mtu akirudishwa kutoka kwenye dhahabu ghafla, ni mwizi. Majirani zetu wa mtaa wa Ngokolo walimuuliza mama binti yake kaiba nini, mpaka akaacha kwenda kwenye vikao vya kikoba chake cha akiba. "Mwanangu, niambie mimi, ulichukua?" Nikamwambia sikuchukua kitu. Aliitikia, lakini macho yake hayakuitikia. Hapo ndipo nilipomchukia yule mwanamume kwa moyo wote.

Mwaka uliofuata mteja akaleta sharti: kila fundi aingie kwa jina lake, seva imtambue, ijue anaruhusiwa nini, na itunze kila amri aliyoiandika. Ofisi nzima hakuna aliyeiweza kazi hiyo ila mimi. Nikaitwa Geita.

Nikasimika seva, nikazielekeza swichi zote kwayo. Akaunti ya dharura, ya kutumika seva ikizimika, nikamkabidhi mteja kwenye bahasha iliyofungwa, na ile karatasi ya ukoo nikaichana. Tulipofika kwenye kugawa ruhusa, mwenzangu akaninong'oneza, "Mkuu mpe ya kutazama tu, asije akatuulia mtandao tena."

Alikuwa sahihi. Nikampa zote.

Nilimpelekea paswedi yake mwenyewe, kwa mikono miwili. "Shikamoo, mkuu. Wewe hakuna unapozuiwa. Ila kila utakachofanya kitabaki kwa jina lako."

"Marahaba, binti. Naona umekua."

Alisikia nusu ya kwanza tu, kama nilivyotarajia. Nikasubiri. Sikumtegea waya wala sikumharibia chochote. Kila asubuhi nilimwamkia kwa adabu, na mama huko Ngokolo bado alijifungia ndani.

Mkono ulimwasha wiki ya ukaguzi. Alisema anapanga laini vizuri, na Bugarama ikakatika tena. Kikaoni akaanza vilevile: "Ni huyu binti na seva zake."

"Fungua tuone," mteja akaniambia.

Nikaiweka kwenye skrini ya ukutani. Jina lake, saa, na amri ya kuzima laini.

"Labda kuna mtu katumia jina langu," akasema.

"Paswedi si unayo wewe peke yako, mzee?" mteja akamuuliza.

Nilimkazia macho mpaka akainama. Roho yangu ilisuuzika, sioni haya kusema. Na lile kosa la zamani nalo likamrudia, kwa kuwa sasa kila mtu alijua mkono ule ni wa nani.

Alipoondolewa kazini, niliagizwa nifute akaunti yake. Kwanza nilimpigia mama, nikamsimulia yote. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Nikakata simu, nikaandika amri ya kumfuta taratibu, herufi kwa herufi. Seva ikaitunza kwa jina langu, na hiyo sitaikana.