Eda ya Bi. Salama

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nusu saa kabla ya zamu, kwa kuwa usiku mzima nilikuwa nikiwaza nitamwamkiaje Matroni. Nyumba ya kutunzia wazee ilikuwa Mtoni: vyumba vinne, baraza na wazee saba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ajira serikalini zilikuwa zimefungwa, na watu binafsi ndiyo kwanza walikuwa wakianza kufungua huduma kama hizi. Nilikuwa na shahada, sina kazi.

Matroni, nesi mstaafu, hakuiuliza shahada.

"Umewahi kumwogesha mtu mzima?"

"Hapana, Matroni."

"Basi, msomi, leo utasoma."

Alinifundisha kugeuza. Mzee asiyejigeuza kitandani hulazwa upande mwingine kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya mgandamizo, vile vinavyoanza kama doa la joto kwenye nyonga na kuchimba hadi mfupani. Alinifundisha kulisha mtu akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, na kusubiri ameze. Hayo niliyashika. Yaliyonishinda ni maneno.

Bi. Salama, mwenyeji wa hapo hapo Mtoni, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Kila asubuhi alikaa barazani akisuka ukili wa mkeka, akauliza, "Mzee Kombo karudi kazini?" Huyo alikuwa mumewe, kuli wa bandarini, aliyefariki miaka mingi nyuma. Wote walimjibu, "Bado, bibi. Meli nyingi leo." Naye hucheka: "Huyo kaoa bandari, mie kanifanya mke mdogo!"

Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesoma katika kijitabu cha uuguzi kwamba mtu wa namna hiyo aambiwe ukweli kila siku, kwa upole. Niliwaza wiki nzima. Nikimdanganya, namdharau. Nikinyamaza, si ni kumdanganya vilevile? Asubuhi moja Matroni akiwa sokoni, nilipiga magoti mbele ya Bi. Salama.

"Bibi, Mzee Kombo alishafariki."

"Lini?"

"Zamani, bibi."

"Zamani, na mie sikuambiwa?"

Akaweka ukili chini. Akaomba nguo nyeupe, akaingia chumbani kukaa eda. Kesho yake alikuwa amesahau, akauliza tena, nami nikamwambia tena, maana kijitabu kilisema turudie bila kuchoka. Asubuhi tano mfululizo alifiwa upya. Siku ya sita hakuuliza. Alikuwa amesahau ni nani aliyekufa, ila hakusahau kwamba yumo edani.

Akawa wa kulala tu, kauelekea ukuta bila kujigeuza, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa, hakuruhusiwa kumgusa. Daktari aliyekuja Alhamisi alifukuzwa. Mimi nilipotaka kumgeuza alipiga kelele, "Toka! Huna haya?" Wanawake kazini walikuwa wawili tu, Matroni na Dada Tabu, na wazee ni saba. Zamu za kumgeuza zikapita. Kidonda kikatoka kwenye nyonga.

"Nani alimwambia?" Matroni aliuliza.

"Mimi. Nilitaka ajue ukweli."

"Ukweli akaufanyie nini?"

Matroni alikuwa Mkristo wa bara, lakini alijua pa kwenda. Alimwita binti wa Bi. Salama, akaja na shangazi zake wawili. Walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvika kanga mpya, wakamwambia, "Mama, eda imekwisha." Akatoka barazani akitabasamu. Nilifurahi mno, nikasogea.

"Shikamoo, bibi."

Akajifunika uso, akamshika binti yake mkono. "Huyu simtaki. Huyu analeta misiba."

Kidonda kilipona baada ya miezi. Bi. Salama aliishi miaka miwili zaidi, na mwishoni hakulijua hata jina la binti yake. Lakini kila asubuhi alimuulizia Mzee Kombo: kwa Matroni, kwa Dada Tabu, hata kwa muuza maziwa. Nami nilisimama karibu, lile "Bado, bibi" nikiwa nalo mdomoni. Alinipita kwa macho.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa nyumba kama ile, Mwananyamala. Katika kuniaga walinisifu kwa subira. Wazee wengi waliniulizia watu wao waliokwisha kufa, nikawaambia bado hawajarudi, wakacheka nami tukanywa chai. Kila mara nilikuwa nikimjibu mtu ambaye hakuniuliza tena.