Vifaranga Waliokulia Mafichoni

Majirani zangu hapa Baraka huniletea vifaranga niwaambie yupi dume, yupi jike. Nawajibu wasubiri wakue, watajionea wenyewe. Wananiona nina roho mbaya, kwa sababu wanajua mama yangu alikuwa na jicho la kazi hiyo na kwamba mimi nilijifunza kwake. Ni kweli nilijifunza. Lakini nilijifunza vitani, na ilinichosha nikiwa bado msichana.

Tulipoikimbia Baraka tena, mama aliwaacha kuku wakubwa uani. Kuku mkubwa ni mzito, tena ana kelele. Alibeba vifaranga tu, ndani ya kitunga alichokifunika kwa kitenge. Walikuwa uzao wa kuku aliopewa na bibi siku ya kuolewa. Nyumba yetu ilikuwa imeshachomwa na kujengwa, sufuria zimeibwa, muhogo wetu umeliwa na watu tusiowajua, lakini kila vita mama aliokoa jike wa kuanzia upya. Mbegu ile haikuwahi kukatika mkononi mwake.

Tulijificha pamoja na familia nyingine chache katika bonde moja juu ya Lubondja. Bwana mmoja aliyezijua njia za huko ndiye aliyetuongoza, nasi tukamwita kapita. Sheria yake kubwa ilikuwa jogoo asiwike. Mahali alipojificha kabla ya kuja kwetu, jogoo aliwika alfajiri na askari wakaifuata sauti. Mke wake alifia huko. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Mama alidhani tungerudi nyumbani upesi. Vifaranga wakakua, vita havikuisha.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi mama alimkamata mmoja baada ya mwingine na kunipa nimshike. Tazama miguu, ya dume hunenepa mapema. Tazama manyoya ya shingo, ya dume huchongoka, ya jike hubaki ya mviringo. Tazama kilemba, kile kinyama cha kichwani, cha dume huwahi kuwa chekundu. Aliyeonekana dume alichinjwa kabla hajapata sauti, tukamla na muhogo bila chumvi. Watu wanadhani tulikuwa na bahati kula nyama porini. Sikuuona utamu wake. Nilichoka kuogopa watoto wa kuku. Nilichoka kushika shingo ndogo ya moto na kujiuliza kesho itatoa sauti gani.

Mwishowe alibaki mmoja, wa rangi ya udongo. Tangu mdogo mama alisema huyu ni jike, na huyu ndiye aliyepanga kurudi naye Baraka. Kisha, katika siku chache tu, kilemba chake kikawa chekundu. Kapita akaja.

"Mama, hii iko dume. Angalia kilemba yake."

"Apana, papa. Iko muke. Angalia shingo."

"Shingo ndiyo itawika?"

"Tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Tungoje iwike?"

Mama alikuwa anafungua kinywa kumjibu, lakini mwanamke mmoja aliyejifungulia pale mafichoni alimtangulia. Alisema polepole, bila hasira, mtoto akiwa kifuani.

"Mama, mi naziba mutoto wangu kinywa na mukono kila mara anataka kulia. We, kuku yako utaiziba na nini?"

Mama alimtazama yule mtoto. Kisha akaniambia nilete kisu.

Nilipompasua yule kuku, nilikuta yai lenye ganda, tayari kabisa, na nyuma yake viini vya manjano, vikubwa kwa vidogo, mpaka vya kadiri ya mbegu za mchicha. Jike anayekaribia kutaga naye hupata kilemba chekundu. Kapita alichuchumaa, akavua kofia. "Pole, mama," akasema. Mama akamjibu si kitu, akalichemsha lile yai na kumpa yule mzazi ale.

Mimi nilikuwa na hasira ya kuua mtu. Tulipokwenda kijitoni kuosha sufuria, nikamkabili mama yangu.

"Mama, na jicho yako yote, ulikosa aje kujua?"

"Sikukosa. Jana nilimupapasa, nikasikia yai."

"Na haukuwaambia?"

"Niwaambie nini?" Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Kuku ikitaga inalia. Inalia sana, muchana, mara na mara. Ile mama alisema kweli. Dume, muke, zote ziko na sauti."

"Sasa ulikuwa unabishana na kapita juu ya nini?"

Akaichovya sufuria majini, akaanza kuisugua upya. Nilidhani amechoka na maswali yangu, maana sote tulikuwa tumechoka na kila kitu, hata kuongea.

"Mama yangu alinipa kuku siku ya kuolewa," akasema. "Na yeye mama yake alimupa. Sasa yako imeisha. We utaenda kwa bwana mikono mitupu."

Ndipo akalia, na mimi nikalia naye, kwa sauti ya chini.