Ubeti wa Kufukuza

Mikono ya mwoka mikate aliyetoka Honduras haiishi unga hata Jumapili, na sauti yake nzito ndiyo kanisa zima la mtaa huu wa Meksiko huiegemea. Kila Desemba, wanapozungusha sanamu za Yosefu na Mariamu nyumba kwa nyumba wakiomba hifadhi kwa nyimbo, yeye huwekwa nje, upande wa waombaji. Humkumbatia Yosefu kama mkate uliotoka tanuruni. Mlango ukifunguliwa, wenzake humpita mbio kukimbilia tamale za moto za unga wa mahindi, naye hubaki kibarazani akikung'uta unga mikononi. Kila mwaka humwomba Bi Otilia, kiongozi wa nyimbo, zamu ya kuwa mwenyeji, na Bi Otilia humjibu kwa utamu, "Ndugu yangu, kwa kuomba hifadhi nani anakuweza? Wewe umeshazoea."

Mwaka huu mwenye zamu aliugua, ikabidi waende kwa mwoka mikate. Bi Otilia alisimama mlangoni, harufu ya tamale ikimpiga puani, akaongoza beti za kuomba. Kutoka ndani, ile sauti nzito ikawafukuza, kama ilivyo desturi. Ukafika ubeti wa kufungua mlango. Sauti ikarudia ule wa kufukuza, taratibu, bila kuteleza.

"Kachanganya beti huyu!" mtu akacheka. "Wageni bwana!"

Bi Otilia hakucheka. Akagonga. "Ndugu, tufungulie, baridi hii!"

"Ndugu nani?" sauti ikauliza. "Nitaje kwa jina langu."

Bi Otilia akawageukia wenzake wamsaidie jina, nao wakainamia mishumaa yao.