Upande wa Mti Uliotazama Mlima

Tajudini wa Buyenzi alipasua mbao tangu ujana wake, lakini sifa yake ilitokana na sikio. Kwa kila mti aliligeuza shoka, akagonga shina kwa upande wake butu mara tatu, kisha akaweka sikio kwenye gome na kufumba macho. Alipoyafumbua alitoa neno moja tu: mzima, au mgonjwa. Watu walijenga majiko, wakafunga ng'ombe na kulaza watoto chini ya neno hilo, na hakuna aliyemwuliza mara mbili.

Mwaka 1999 aliitwa mtaani Kinanira na Spéciose, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya chekechea. Uani kwake, kati ya mlima na ziwa, palikuwa na mkangazi mkubwa, na alitaka kujua kama unaaminika. Tajudini akagonga, akasikiliza.

"Mzima, Madamu. Weka batoto yako hapa bila wasiwasi."

Tangu hapo alirudi kila mwaka baada ya Idi kuukagua tena. Hata Julai 2003, makombora yalipoanguka Kinanira na kung'oa paa la darasa, alikuja moshi ukiwa bado unanuka, akagonga, akasema mzima. Kwa kuwa paa halikuwapo tena, watoto sitini wakahamia chini ya mkangazi. Hapo ndipo walipojifunza kuhesabu na kuimba, na hapo ndipo walipolala mchana, sitini juu ya mikeka.

Desemba 2004 akaja Ingrid, msaidizi wa utafiti kutoka chuo kikuu, kule Mutanga. Alikuwa amepewa kazi ya kupima afya ya miti ya mji, na Spéciose akamwita Tajudini ili wajuane. Mzee alifika wakati Ingrid anasimika uani chombo chenye miguu mitatu, juu yake sanduku la manjano. Kichwa cha sanduku kikaanza kugeuka polepole.

Spéciose akakiona akitoka ofisini.

"Chini!"

Watoto sitini walilala kifudifudi kwa pamoja, hakuna aliyelia. Tajudini naye alikuwa ameshajitupa chini, kofia yake imebingirika mavumbini.

"Apana, Madamu! Mzee, simama!" Ingrid alipunga mikono yote miwili. "Hii si mortier ya kutupa bomu! Ni machine ya kupima miti!"

Tajudini akainuka akijipangusa. "We mutoto, siku ingine bisha hodi kwanza. Mi nilisha piga shahada yangu ya mwisho."

Watoto wakacheka kwanza, wakubwa wakafuata. Ingrid akaeleza kuwa chombo hicho hurusha miale ya leza, maelfu kwa sekunde moja. Mwale ukigusa jani au tawi hurudi, nacho hupima umbali wake. Usipogusa kitu, haurudi. Alikihamisha sehemu sita kuuzunguka mti, kama alivyofanya Agosti, shule ikiwa imefungwa na mlinzi tu yupo, kisha akafungua kompyuta yake ofisini.

Tajudini alitarajia picha. Alichokiona ni giza, na ndani ya giza mkangazi uliofumwa kwa nukta za mwanga, hesabu yake haina mwisho. Ingrid akasogeza kidole, na mti mzima ukageuka. Mzee akashika kiti. Waliingia katikati ya matawi, wakapita kando ya kiota ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona, wakashuka hadi chini, na hapo alisimama mtu wa nukta, mabega yameinama, kofia kichwani.

"Huyu nani?"

"Ni we, mzee."

"Subhanallah," alinong'ona. Miaka arobaini alikuwa ameisikiliza miti, na leo mmoja umefunguliwa mbele yake kama chumba, naye yumo ndani.

Kisha Ingrid akaukata mti wa nukta vipande viwili kuanzia kileleni, kama mkate. Upande wa ziwa ulikuwa mzito kwa mwanga. Upande wa mlima ulikuwa matawi matupu. Akaweka vipimo vya Agosti juu ya vya leo: mvua za miezi miwili zilikuwa zimejaza majani upande mmoja, na upande wa pili halikuongezeka hata jani.

"Apana," alisema Tajudini. "Majani mi nayaona kila mwaka."

"Ukiwa chini unaona ya upande wa ziwa, yanafunika yale matawi makavu. Mzee, shoka unapigia wapi?"

Tajudini akatoka kumwonyesha. Miguu ikampeleka yenyewe upande wa ziwa, shina likiwa kati yake na mlima. Akainua shoka, akaliacha hewani.

Risasi zilikuwa zikitoka mlimani siku zote. Miaka yote ya vita kila mtu wa Kinanira alijua atembee upande gani wa ukuta, naye aligonga miti akiwa amejikinga nyuma yake. Hakupanga hivyo. Mwili ulijifunza wenyewe, na sikio likabaki na nusu ya mti.

Akazunguka. Shingo ilimsisimka ingawa mlima ulikuwa kimya. Aligonga mara moja tu. Sauti ikaitika kama debe tupu. Akachomoa kisu, kikazama kwenye gome hadi mpinini.

Spéciose alikuwa nyuma yake. Ingekuwa rahisi kusema ugonjwa umeanza juzi.

"Madamu, neno langu lilikuwa baya. Pengine tangu makombora, pengine tangu zamani. Nilikuwa najificha nyuma ya huu muti. Toa batoto sasa hivi."

Spéciose alielekeza kidole ofisini kwake.

"Meza yangu iko nyuma ya ukuta ule mnene," alisema. "Napiga hesabu gizani toka mwaka wa tisini na tano, na dirisha liko pale, linaangalia mlima." Akageuka, akapiga makofi, na watoto wakakunja mikeka, wakaelekea barazani kwa jirani.

Tajudini alifunga kamba kiunoni, akasema bismillahi, akapanda kuanza na matawi ya juu. Tawi la kwanza lilikatika kabla msumeno haujafika katikati, likaanguka palepale ilipokuwa mikeka. Aliposhuka kupumzika, alimwendea Ingrid.

"Umepima miti ngapi mjini?" alimwuliza.

"Mia mbili na kumi na ine."

"Kesho asubuhi nakuja kwako Mutanga. Nionyeshe yote mi nilisema ni mizima."