Fundi Yaqoub na Karoti za Siri

Ngamiani nzima, mjini Tanga, hapakuwa na mtu aliyezidharau mboga mbichi kama fundi Yaqoub. Kibanda chake cha baiskeli kilikuwa ubavuni mwa msikiti mdogo, na kila aliyekwenda kuziba pancha aliondoka na tairi lililojaa upepo na masikio yaliyojaa hotuba.

"Mwenyezi Mungu ametupa moto," angesema huku akikaza spoku. "Ametupa chungu, ametupa na nazi. Vyote hivyo vya nini, ikiwa mtu atakula majani kama yalivyong'olewa? Mbuzi hana jiko, tumsamehe. Mimi ninalo, na nina mke anayejua kulitumia."

Mke huyo alikuwa Harusi binti Haji, mzaliwa wa Mkwaja, na kwa kweli jiko alilijua. Lakini sifa yake kubwa mtaani kwao Nguvumali haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye kibao na kisu. Kachumbari ya Harusi ilikuwa na jina lake. Kitunguu alikipikicha na chumvi mpaka ukali wote ukatoka, nyanya alizikata nyembamba hata ungeweza kusomea gazeti kupitia kwazo, kisha tango, embe bichi msimu wake ukifika, ndimu, na pilipili mbuzi kwa juu. Hakuna shughuli iliyofanyika mtaani asiitwe kukata kachumbari.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuionja. Kila Harusi alipoweka bakuli jamvini, Yaqoub alilisukuma kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayefukuza paka.

"Hayo malisho yasogeze huko, Mama Siham."

Miaka ya mwanzo Harusi alikuwa akicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa analivuta bakuli upande wake na kula kimya na binti yao, Siham. Siham naye akaolewa, akahamia Mkwaja kwa kina mama yake, na Harusi akabaki na bakuli lake peke yake.

Basi tumbo la fundi Yaqoub likafunga. Likafunga kama maduka siku ya Idi. Akiingia chooni na kopo lake, mwenye kumsubiri nje alikuwa na nafasi ya kwenda sokoni, kubishana bei, na kurudi. Alikunywa mafuta ya nyonyo, akanywa chai ya majani ambayo hata aliyemuuzia hakuyajua jina. Hola. Mwishowe, uso umemsinyaa kama tyubu isiyo na upepo, akajikokota hadi zahanati.

Huko akampata muuguzi Sabra, msichana aliyemjua tangu akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina tatizo la… usafiri."

"Baiskeli?"

"La ndani."

Sabra akaelewa, wala hakucheka, Mungu ambariki. Akamwuliza asubuhi anakula nini. Chapati na chai ya maziwa. Mchana? Wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Jioni? Kilichobaki mchana, na mkate wa kumimina kama upo.

"Na matunda?"

Yaqoub alifikiri sana. "Ndizi."

"Mbivu?"

"Za kupika. Na nazi."

Sabra akaweka kalamu chini. "Baba, tangu asubuhi hadi usiku, hakuna kitu kinachoingia kinywani mwako ambacho hakijapita motoni."

"Ndiyo ustaarabu huo, mwanangu."

"Basi ustaarabu umekuziba."

Akamweleza taratibu. Kila mlo, kitu kibichi kiwemo: karoti, tango, nyanya, chungwa liliwe na nyama yake lisifyonzwe tu na kutupwa, papai asubuhi. Kioshwe vizuri kwa maji safi. Maji ya kunywa yaongezwe. Aanze kidogo kidogo, tumbo lisishtuke. "Wala wewe huna kazi kubwa," akamaliza Sabra kwa furaha. "Mwambie mama tu. Kachumbari yake niliila kwenye harusi ya dada yangu, mpaka leo naiota."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Yaqoub alitoka zahanati akisukuma baiskeli badala ya kuipanda, akiwaza. Mwanamume aliyelisukuma bakuli tangu ndevu zake zikiwa nyeusi atarudije nyumbani kusema lete? Harusi angecheka. Hasina, dada yake Harusi, angecheka zaidi, na Hasina akicheka ilisikika mpaka bandarini.

Miguu ikampeleka sokoni, kwa Ernesti. Huyu alikuwa Mshambaa muuza mboga za Lushoto, mteja wake wa baiskeli wa siku nyingi.

"Fundi! Leo umekuja mwenyewe? Mabamia yale pale."

"Nataka karoti."

"Za kupikia?"

Yaqoub akatazama kushoto, akatazama kulia. "Za kula."

"Za kula hivi hivi? Wewe?"

"Punguza sauti, bwana!"

Ernesti akaiosha karoti moja, akaiparua kwa kisu, akampeleka mzee wa watu nyuma ya banda, kwenye matenga matupu na magunia yaliyoanikwa. Yaqoub akakalia tenga lililofudikizwa, akasoma bismillahi, akang'ata. Ule mlio ulimshtua mwenyewe. Akatulia, akatega sikio kama kuna aliyesikia, kisha akatafuna. Ilikuwa na utamu wa ajabu, baridi, na harufu ya mvua ya milimani. Akaimaliza mpaka kitako.

"Unayo nyingine?"

Tangu siku hiyo, kila alipotoka kuswali adhuhuri, fundi Yaqoub alipitia nyuma ya banda la Ernesti kama mtu anayekwenda kilabuni. Akala tango kwa chumvi. Akala nyanya kama tunda. Ernesti akamletea matunda ya plamu na peasi kutoka kwao, akamfundisha kula chungwa na nyama yake. Tumbo nalo likafunguka, likafunguka kwa heshima zote, hata siku moja jirani akamkuta anatoka chooni anatabasamu, akamwuliza kama amepata habari njema kutoka kwa Siham. Yaqoub akaanza kuficha karoti kwenye sanduku la vifaa. Mteja mmoja aliomba bisbisi akapewa karoti, na wote wawili wakabaki wanaitazama.

"Hii ni ya baiskeli za aina gani, fundi?"

"Za kigeni," akajibu Yaqoub, akairudisha haraka.

Lakini nyumba ina macho. Harusi alianza kuona wali unabaki nusu sahani. Mumewe anarudi jioni ananukia machungwa. Anapiga mluzi. Anachana ndevu.

"Baba Siham, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba wapi?"

"Joto hili, Mama Siham. Joto linashibisha."

Siku ya kufua, Harusi akakuta doa jekundu kwenye kola ya shati lake. Akalinyanyua mpaka dirishani, penye mwanga.

"Hii nini?"

Ilikuwa nyanya, tena nyanya nzuri, lakini Yaqoub akasema, "Rangi. Kuna baiskeli nilikuwa naipaka."

Harusi akalikunja lile shati polepole. Jioni yake Yaqoub akamsikia chumbani akiongea kwenye simu na Hasina: "Yuko anayemlisha, nakwambia. Mwanamume hashibi upepo!"

Fundi Yaqoub alilala chali akipima mambo. Upande mmoja, kushukiwa kuwa ana mwanamke. Upande wa pili, kukiri karoti. Akapima, akapima tena, akaona la mwanamke lina heshima zaidi. Akageukia ukutani, akalala.

Kesho yake mchana, Ernesti alikuwa amemwandalia kitu kipya: sahani ya kabichi, karoti na hoho, vyote vimekatwakatwa na kukamuliwa ndimu. Yaqoub alikuwa amefika katikati ya sahani, anakula kwa vidole na macho kafumba, magunia yalipofunuliwa kwa kishindo. Yakaingia mabaibui mawili, yaliyokuwa yakimfuata tangu msikitini. La mbele lilikuwa la Harusi.

"Yuko wapi?"

"Nani?" akauliza Yaqoub, mdomo umejaa.

"Huyo mwanamke!"

Ernesti alikuwa amesimama amekumbatia kabichi kifuani kama mtoto. Hasina akazunguka matenga, akafunua moja kutazama chini yake, kana kwamba mwanamke angeweza kuenea humo. Hakukuwa na mtu. Harusi akaitazama sahani. Akamtazama mumewe, na ule uzi wa karoti ulioning'inia ndevuni. Hasina akaelewa kwanza, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya banda. Harusi hakucheka.

"Hiyo ni nini?"

"Ni… tiba. Muuguzi Sabra kasema…"

"Nimeuliza hiyo sahanini ni nini."

"Kachumbari," akasema Yaqoub kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

"Ya… Ernesti."

Harusi akalirekebisha baibui lake. Kisha akasema, "Afadhali angekuwa mwanamke," akageuka, akaondoka, na Hasina nyuma yake akijifuta machozi ya kicheko.

Ernesti akakohoa. "Fundi, nikufungie iliyobaki?"

Jioni ile Yaqoub alirudi nyumbani amejiandaa kugombezwa. Hakugombezwa. Alikaribishwa jamvini kwa upole wote, na chakula kikafunuliwa. Kulikuwa na matango yaliyopikwa kwa nazi mpaka yakapoteza fahamu. Kulikuwa na karoti zilizopondwa kama uji wa mgonjwa. Na kwenye bakuli la peke yake, chungwa la kuchemsha, limekatwa vipande, linaelea kwenye maji yake.

"Kula, mume wangu," akasema Harusi. "Vyote vimepita motoni."

Akala. Angefanyaje? Kesho yake likaja papai la kuchemsha, na hilo, jamani, tusilizungumze.

Ni wakati akipambana na papai hilo ndipo alipoinua macho. Harusi alikuwa amekaa ng'ambo ya jamvi na kibakuli chake kidogo cha kachumbari, amempa mgongo kidogo, ameelekea ukutani, anakula harakaharaka kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Yaqoub akamtazama. Hakuwa anafanya hivyo kwa hasira ya leo. Ndivyo alivyokaa siku zote. Alijizoeza kukaa hivyo, ili chakula chake kisitukanwe. Akakiweka chini kipande cha papai. Yeye siku zote alidhani anasukuma majani. Kumbe alikuwa anasukuma mkono wa mtu. Akataka kusema neno, lakini neno la namna hiyo alikuwa hajawahi kulifanyia mazoezi, na Harusi akainuka, akatoa vyombo.

Ijumaa ikaleta wageni. Siham alikuja kutoka Mkwaja na mumewe Muntasir, pamoja na baba mkwe wake, mzee Masoud. Harusi akapika pilau. Wanaume wakakaa sebuleni kuzunguka sinia, wanawake ndani nyuma ya pazia. Bakuli la kachumbari lilipofika, Muntasir, kijana mwenye adabu, akaliondoa mara moja mbele ya mkwewe.

"Najua baba huwa huli hivi."

Yaqoub akajikohoza. "Mama Siham!"

Pazia likasogea. "Labeka."

"Hii kachumbari umeikata wewe?"

"Kuna mwingine humu ndani?"

"Naomba uniwekee."

Mzee Masoud, aliyekuwa ameshika tonge, akasahau kulipeleka kinywani.

"Sisikii," akasema Harusi. "Feni ina kelele."

"Nimesema, naomba kachumbari."

Harusi akatoka nyuma ya pazia, akatembea taratibu mpaka ukutani, akaizima feni. Joto la Tanga likashuka juu yao kama blanketi. Akasimama mikono kiunoni. "Ya nani?"

Yaqoub akatazama wageni wake, akatazama sinia, akaona hakuna pa kutokea isipokuwa mbele.

"Ya Harusi binti Haji," akasema kwa sauti ya kuadhini. "Ambayo nimeisukuma ujana wangu wote kwa ujinga wangu, na aliyeikata akala peke yake mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Nisamehe, mke wangu. Nawe nipakulie, nakuomba."

Ndani nyuma ya pazia akasikika Siham akisema "Ee!" Harusi akaja akapiga magoti kando ya sinia, akamwekea kijiko kimoja, viwili, akafikiri, akaongeza na pilipili mbuzi nzima juu yake. Yaqoub akaila yote. Machozi yalimtoka, na akamshukuru Mungu kwamba pilipili ilikuwapo ya kusingiziwa.

"Vipi?" akauliza Harusi.

"Ya Ernesti si kachumbari," akasema Yaqoub akivuta pumzi. "Ile ni kabichi tu iliyopata ajali."

Harusi akaenda kuwasha feni, amewapa mgongo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na wote wakajua anacheka.

Siku hizi papai hulikata Harusi asubuhi, na chungwa humenywa baada ya mlo, wala hakuna anayeongelea moto na ustaarabu. Kwa Ernesti bado wanakwenda, ila sasa wanakwenda wawili, na Harusi huzibonyeza nyanya zake moja moja mpaka yule Mshambaa wa watu anaomba radhi kwa zile zilizolainika. Majani ya letusi Yaqoub ameyakataa katakata. Anasema kuna mipaka, na Harusi amemwachia. Jambo jipya ni hili la Ijumaa. Akirudi msikitini, fundi huvua kofia, hukunja mikono ya kanzu, na hukata kachumbari mwenyewe. Hukata vibaya. Vipande vyake ni vinene kama viraka vya tairi, na kitunguu hukisahau kukipikicha.

"Baba Siham," Harusi alimwuliza Ijumaa iliyopita, akiinua kipande mbele ya macho, "hiki kitunguu au pedeli?"

"Wewe kula tu, Mama Siham."

Naye akakitia kinywani, akatafuna kwa shida, akasogeza bakuli katikati, wote walifikie.